Mashua Uani kwa Mama Muzalishaji

Mama Muzalishaji, mkunga wetu, hakula samaki. Ukiishi Nyangwe na usile samaki, watu watakuuliza, maana mto Lualaba uko pale chini na kila asubuhi mji mzima unanuka samaki wabichi na moshi wa wale wanaokaushwa. Yeye alikula maharagi, sombe ya majani ya muhogo, bugali, na nyama ya porini akiletewa. Akialikwa arusini na sahani ikaja na kichwa cha samaki, aliisogeza kwa jirani bila neno. Lakini wavuvi wakirudi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika mtoni. Aliinama juu ya vikapu vyao na kuuliza, "Leo mumepata nini?" Walimwonyesha. Aliangalia mpaka chini ya kikapu, kama mtu aliyepotelewa na kitu, kisha akapanda kilima kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mimi nilikuwa jirani yake. Ua wangu ulitenganishwa na wake kwa ukuta wa matete tu, na cherehani yangu ilikaa barazani, upande ule ule. Ndiyo maana mambo ya mashua yalinifikia mapema. Mashua inataka tanga, na tanga linataka mtu wa kulishona.

Habari ya mashua ile kila mtu aliijua, au tulidhani tunaijua. Ilikuwa ya mbao, ndefu kuliko mtumbwi wowote wa kwetu, yenye mlingoti na tanga. Ilijengwa zamani na mtu mmoja wa misioni aliyekuwa fundi, akaiacha alipoondoka. Mafuta ya motere za mitumbwi yalipokosekana, na yalikosekana mara nyingi, upepo haukukosekana. Basi mashua ikawa ya wagonjwa. Iliwavusha kutoka vijiji vya ng'ambo mpaka Nyangwe, kisha pikipiki zikawapeleka hospitalini Kasongo.

Siku moja Mama Muzalishaji alikwenda ng'ambo kumchukua mwanamke aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Wakati wa kurudi, mvua na upepo viliwakuta katikati ya mto, mashua ikapinduka. Mwendeshaji aliokotwa chini kwenye mawe, amekufa. Yule mwanamke hakuonekana tena. Mama Muzalishaji walimkuta ameshikilia ubavu wa mashua, na wavuvi iliwabidi wamfungue vidole kimoja kimoja.

Mashua ilivutwa ukingoni, mlingoti umevunjika na ubavu mmoja umepasuka. Hakuna aliyetaka kuigusa. Ilisemwa ikatwe kuni. Yeye akaiomba. Wanaume wakaivuta mpaka uani kwake, wakaiweka juu ya magogo, naye akasema mbele ya wote, "Nitaitengeneza irudi mu maji." Mume wa yule mwanamke alikuwa amesimama pale. Alikuwa amevuka kuja kwenye kilio, ana matope mpaka magotini. Akamwambia, "Siku itarudi mu maji, mimi nitakuja. Utanionyesha pahali alipotelea."

Nilikuwepo. Tulifikiri ni maneno ya kilio, yatapoa kama yanavyopoa mengine.

Katika mambo mengine yote Mama Muzalishaji hakuwa na subira hata kidogo. Maharagi aliyala yangali magumu. Mahubiri yakirefuka alitoka kanisani, na padri akimwuliza alimjibu, "Mahubiri yako iko na mikia mingi." Nikimshonea kitambaa, alikuja kukiulizia kabla sijapitisha uzi kwenye sindano. Lakini mbele ya mwanamke mwenye uchungu alikuwa mtu mwingine. Alikaa juu ya kigoda akimenya karanga, hana haraka, na ndugu wa mzazi wakianza kupiga kelele kwamba asukume, asukume, aliwafukuza mlangoni. "Munyamaze. Mukimusukuma mbele ya saa yake mutamupasua."

Maneno hayo hayo aliyasema juu ya mashua. Ukimwuliza inakwisha lini, alikutazama kama vile umeingia chumba cha kuzalishia na viatu vya shamba.

Na kweli sababu za kuchelewa hazikukosekana. Mbao ngumu zilitoka mbali, zikibebwa kwa vichwa, na mara nyingi zilifika zimepinda. Misumari ya shaba haikupatikana Kasongo wala Kindu. Tena fundi aliyeweza kukunja mbao kwa moto mpaka ifuate ubavu wa mashua alikuwa mmoja tu, mwanaume mwembamba mwenye maneno mengi, na alikuwa na ugonjwa wa wanaume wote wa kwetu siku hizi: akisikia mahali fulani dhahabu imeonekana, anatupa randa. "Mama, nakwenda Lusangi kidogo," alisema. "Nikirudi tunamaliza." Kidogo yake ilipitisha mavuno ya mpunga.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alijitafutia kazi ndani ya kungoja. Fundi akiwa hayupo, alikwangua rangi ya zamani kwa kipande cha chupa. Akimaliza kukwangua, alipaka mawese. Kiangazi kikija, wakati mbao zinakauka na kuachana, alichota maji kisimani na kuyamimina ndani ya mashua ili mbao zivimbe zisifunguke. Kila asubuhi niliuona mgongo wake ukiinuka na kuinama nyuma ya matete. "Ninamunywesha," alisema. Sikuwahi kumwona akiingia ndani. Kitu kikianguka mle, alikivuta kwa fimbo. Fundi alizoea kupanda mwenyewe, na yeye alizunguka nje tu, mkono juu ya mbao.

Saa ya jua kali mashua ililia. Ndivyo majirani walivyosema. Ubao ulitoa sauti, ta, ta, kisha kimya kirefu, kisha ta nyingine. Wafanyabiashara waliotoka upande wa Kivu na kupita kwangu kushonesha mifuko yao ya machimboni walishtuka na kuuliza kuna nani mle. Watu wa kwetu waliwajibu kwamba ni yule mwanamke, hajamaliza uchungu wake. Mama Muzalishaji akisikia alicheka kwa dharau. "Munaogopa mbao? Ni ubao inakauka, ndiyo ile tu."

Lakini wageni wakiondoka nilimwona kupitia matete. Aliweka sikio kwenye ubavu wa mashua, na kiganja kando ya sikio, kama anavyosikilizwa mama mjamzito tumboni, akasema polepole, "Pole, mama. Pole. Bado kidogo."

Na alipomtaja yule mwanamke hakusema alikuwa, kama wanavyotajwa wafu. Alisema, iko na kiu. Alisema, leo iko na hasira.

Vita vilipotufikia tulikimbilia porini. Tanga la kwanza nililoshona, la turubai nene lililonivunjia sindano nyingi, alilibeba kichwani mwenyewe, akaacha sufuria. Nilimwona mjinga. Halafu mvua ikatukuta huko, na mwanamke mmoja akashikwa na uchungu, na tanga likatundikwa kati ya miti. Mtoto akazaliwa chini yake, na mwingine baada ya siku chache. Tuliporudi Nyangwe tanga lilikuwa matobo matupu. Uani kwake, mbao zote alizokusanya kwa miaka watu wa bunduki walikuwa wamezipikia. Mashua yenyewe ilikuwa bado juu ya magogo, haikuguswa. Alisimama pale mlangoni muda mrefu, mtoto wa jirani mgongoni. Nilidhani atalia. Akasema, "Wamekula chakula yake. Yeye mwenyewe wamemuacha," akaenda kuangalia kama kisima kina maji.

Nikashona tanga la pili. Hilo alilikata kwa mkono wake. Mzee mmoja mkimbizi alikufa kwenye kituo cha afya, hana ndugu, hana sanda.

"Mama," nilimwambia, "macho yangu yameumia kwa hilo tanga."

"Utashona ingine. Uko na mikono."

"Na mashua?"

"Itangoja. Inajua kungoja kuliko wewe."

Yule mwanaume wa ng'ambo, mume wa marehemu, hakusahau. Kila wafanyabiashara wa mpunga wakivuka, mmoja alisimama uani kwa Mama Muzalishaji. "Anakusalimia. Anauliza, mashua iko namna gani?" Naye alijibu, "Muambie bado." Mara nyingine salamu zilikuja na kitu: kuku, kamba alizosokota mwenyewe kwa ajili ya tanga, ulimbo wa miti uliofungwa kwenye majani, mzuri wa kuzibia mbao. Kuku alimpa jirani. Kamba na ulimbo alivisukuma chini ya kitanda, na huko vilikaa. Nilifikiri anavitunza kwa siku ya mwisho.

Kisha fundi akarudi kutoka Lusangi, safari hii amechoka na dhahabu, kidole kimoja kimekatika, akafanya kazi kama mtu anayelipa nadhiri. Akaziba ubavu wote uliopasuka. Akaanza kalafati, ile pamba iliyolowekwa mafuta ambayo husukumwa katikati ya mbao maji yasipite. Siku chache baadaye alikuja barazani kwangu, akakaa chini bila kusalimia.

"Dada, iko mutu anaharibisha kazi yangu."

"Nani?"

"Sijui. Naweka pamba, nikirudi imetoka. Nikaweka tena, imetoka. Nikasema ni panya. Panya haivute pamba yote moja kwa moja bila kuikata." Alitazama matete. "Ni yule mwanamuke. Hapendi tumufunge."

Alikusanya vyombo vyake mchana ule ule.

Nilimwona aliyefanya hivyo kabla wiki haijaisha. Ilikuwa saa ya watu kupumzika, cherehani imenyamaza. Mama Muzalishaji alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya mashua, ana msumari uliopindwa, anavuta pamba kutoka kwenye ufa, taratibu, na kuikunja mapajani kama uzi. Nilipita kwenye matete.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Ninamufungua."

"Miaka yote hii! Kwa nini?"

"Saa yake haijafika."

"Fundi anasema imefika. Alibakiza upande mmoja tu na mlingoti."

Aliendelea kuvuta. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta. "Wewe," akasema, "ukimaliza nguo, mwenye nguo anakuja, anavaa, anaenda. Wewe unabaki na amani. Mimi nikimaliza hii, mwenyewe atakuja vilevile. Sasa nitamuvalisha nini?"

Nilijua anamsema yule mwanaume wa ng'ambo. Sikujua anaogopa nini kwake. Mwanaume aliyetuma kuku na kamba hakuonekana mtu wa kuogopwa. Nilikaa naye mpaka jua likageuka, na yeye hakuniomba ninyamaze. Alipomaliza ufa ule alisimama kwa kushika magoti, akachota maji, akaanza kuinywesha mashua, na maji yote yakapita pale alipofungua yakaingia mchangani.

Mwaka uliofuata nilihama. Mume wangu alipata shamba na duka dogo Wamaza, upande wa Kabambare, tukapakia cherehani juu ya pikipiki. Nilimwachia tanga la tatu, limekunjwa. Alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa. "Hii siikate tena," akasema.

Miaka ikapita kama inavyopita kwa mtu mwenye watoto na duka. Habari za Nyangwe zilinifikia vipande vipande. Nilisikia kwamba ng'ambo kulikuwa na mwanamke mwingine mwenye uchungu aliyekawia kuvushwa, na kwamba watu waliokaa naye ukingoni walikuwa wakiambiana: kama mashua ya Muzalishaji ingekuwa tayari. Alikufa pale pale, juu ya mkeka, akiangalia maji. Nilisikia pia kwamba asubuhi iliyofuata Mama Muzalishaji alikwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa fundi, akatoa kamba na ulimbo kutoka kwenye kikapu, akaviweka mbele yake na kusema neno moja, "Funga." Na kwamba safari hii alikaa mbali na ubavu wa mashua mpaka kazi ikaisha.

Nilirudi mwaka huu kwa arusi ya mtoto wa dada yangu. Nilipita uani kwake kabla ya kwenda popote. Magogo yalikuwa yamelala na kati yake kumeota karanga. Yeye alikuwa barazani, amekuwa mdogo sana, ungo wa mchele magotini, anatoa mawe kwa kugusa kwa sababu macho yamekwisha. Alinitambua kwa sauti.

"Mushonaji. Tanga lako iko mu maji."

"Nimeambiwa, mama. Inavusha watu?"

"Kila siku. Jana ilileta mama na mapacha, wote wazima." Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Nikakaa karibu, nikachukua upande mmoja wa ungo.

"Na yule baba," nikamwuliza, "alikuja?"

"Alikuja. Siku ile tulishusha mashua nikamuona anapanda kutoka mutoni. Amezeeka. Amevaa shati nyeupe. Nikasema, basi, leo." Alitupa jiwe uani. "Akanisalimia vizuri. Akasema, 'Mama, nionyeshe pahali.' Nikamuambia, nitakuonyesha, lakini kwanza ukae. Nikamuambia kitu nilikuwa sijaambia mutu, hata padri."

Mimi nikaendelea kuchagua mawe.

"Mutoto alizaliwa," akasema. "Tulikuwa tumeacha tu ukingo ya ng'ambo. Mutoto mwanamuke. Alilia vizuri, na nguvu, mupaka mwendeshaji aligeuka akacheka. Halafu mama yake akaanza kutoka damu. Damu mingi. Mawingu ikakuja. Mwendeshaji akasema, tungoje pale ku kisiwa, mvua itapita. Nikakataa. Nikamuambia, pandisha tanga, huyu mutu atanikufia. Maisha yangu yote nangojea wamama, siku ile moja nikakataa kungoja." Aliinua mkono wa kulia. "Mashua nilishika na huu." Akainua wa kushoto, akautazama kwa macho yale yasiyoona. "Mutoto alikuwa mu huu."

Akakifungua kiganja cha mkono huo, akaurudisha kwenye mchele.

"Ku kilio nikaona sura ya yule baba," akaendelea. "Nikamuambia, mama alienda na mimba yake. Nilitaka alie mara moja tu. Nikafikiri, kesho nitamuambia kweli. Kesho ikakuwa vile uliona."

"Na sasa alisema nini ulipomwambia?"

"Nilingoja anipige. Akauliza, 'Alilia?' Nikasema, alilia. 'Wewe mwenyewe ulimusikia na masikio yako?' Nikasema, nilimusikia. Akakaa, akakaa. Nikasikia anapumua tu. Halafu akasema, 'Mwenye alilia, aliishi. Mwenye aliishi anapewa jina.'"

Mchele ulikuwa umesimama mikononi mwetu wote wawili.

"Tukashuka kule chini. Mashua sikuingia, mupaka leo sijaingia. Nikaonyesha fundi na mukono, pale, mbele ya kisiwa. Wakaenda wawili, yeye na fundi. Siku ile macho yangu ilikuwa inaona bado kidogo. Nikaona wameshusha tanga. Nikaona shati nyeupe imesimama. Akaita. Lilikuwa jina ya mama yake mwenyewe, sasa jina ya mutoto. Aliita namna mutu anaita mutoto yake arudi kula."

"Ulisikia kutoka ukingoni?"

"Wote tulisikia. Wamama walikuwa wanafua, wakaacha. Wavuvi wakaacha. Akangoja. Akaita tena. Maji ikanyamaza. Akaita mara ya tatu, na sauti yake sasa ikaanza kuvunjika." Alisogeza ungo pembeni, akafuta mikono kwenye kitenge. "Sasa mushonaji, mutu anaita mutoto yake hivyo mbele ya watu wote, na hakuna mutu anajibu. Utamuacha?"

Niligeuka nikatazama mtoni.

"Nikaitika mimi," akasema.